Nimeweka DAP, nimeweka urea, maharage yamejaa majani maganda hakuna: nimekosea wapi?

"Mtaalamu naomba msaada. Nalima maharage mafupi ekari moja, mistari sentimita 50, shimo hadi shimo 20, mbegu mbilimbili. Msimu uliopita nilinunua mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, DAP, wa kilo 50, nikawa naweka kizibo kimoja cha soda kila shimo, mbegu juu yake, nafukia. Mfuko uliisha hata theluthi ya shamba sijafika, kwingine kote nikapanda hivyohivyo bila mbolea. Pale penye DAP mashimo mengi hayakuota ila yaliyoota yalikuwa na mimea mikubwa. Kwingine yaliota vizuri ila yalidumaa. Wiki ya tano nikaona nisife moyo, nikaweka urea mfuko mzima shamba lote. Yakawa kijani ya kuiva, majani mapana mpaka wapita njia wananisifia, lakini maganda machache na yakachelewa sana kukauka. Nikavuna kilo 190. Sasa mmoja ananiambia maharage hayahitaji mbolea, yanajitengenezea yenyewe. Mwingine anasema urea ilikuwa ndogo, niongeze. Nimsikilize nani?"

Usimsikilize hata mmoja, ingawa yule wa kwanza ana nusu ya ukweli na ndo maana maneno yake yanaingia akilini haraka. Na kabla sijaendelea nikupe pole na pongezi pamoja, pole kwa kilo 190 maana ekari ya maharage iliyotunzwa kawaida tu inatoa zaidi ya hapo mara mbili au tatu, pongezi kwa sababu bila kujua umefanya jaribio ambalo wakulima wengi hawalifanyi: umeacha sehemu bila DAP, alafu ukaangalia tofauti na ukaikumbuka. Shamba lako limeshakujibu, tatizo limejibu mambo matatu kwa wakati mmoja ndo maana umechanganyikiwa. Tuyatenganishe.

Tuanze na ile nusu ya ukweli. Maharage, soya, kunde, mbaazi, karanga, hayo yote ni mikunde, na ni kweli mikunde ina uwezo wa kupata naitrojeni kutoka hewani. Hewa unayovuta sasa hivi asilimia 78 ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa hivyo ilivyo, imefungwa mbilimbili kwa kifungo kigumu kweli. Wanaoweza kukivunja ni bakteria fulani wa udongoni, wanaingia kwenye mzizi wa mkunde, mzizi unawajengea kijumba kidogo cha mviringo, tunakiita kinundu, humo ndani wanakaa wanalishwa sukari na mmea na wao wanalipa kwa naitrojeni. Jambo hili lilikuwa fumbo kwa wakulima na wasomi mpaka mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alipoonyesha kwamba njegere kwenye mchanga mtupu usio na naitrojeni zinastawi mradi mizizi ipate vinundu, wakati nafaka kwenye mchanga uleule zinadumaa. Kwa hiyo huyo rafiki yako hajakudanganya. Alichosahau ni kwamba naitrojeni ni kirutubisho kimoja tu. Fosforasi haiko hewani. Potasiamu haiko hewani. Kalsiamu, molibdenamu, zinki, boroni, hizo zote zinatoka udongoni na kama udongo umechoka hazipo, au zipo lakini zimefungwa, na hakuna bakteria wa kinundu atakayekuletea.

Tena kazi yenyewe ya kutengeneza hiyo naitrojeni inakula fosforasi. Nieleze hapa taratibu kidogo maana ndipo jibu lako lilipo. Ili bakteria avunje molekuli moja ya naitrojeni ya hewani anatumia angalau molekuli 16 za ATP, hii ATP ichukulie kama betri ndogondogo za seli, na kila betri imejengwa kwa fosforasi. Fosforasi ikipungua betri hazichajiki, vinundu vinakuwa vichache na vidogo, mmea unakosa naitrojeni pia, kwa hiyo unamwona mtu anaangalia majani ya njano anasema hapa urea, wakati njaa yenyewe ilianzia kwenye fosforasi. Ile sehemu yako isiyo na DAP, mimea iliota vizuri lakini ikadumaa, na ile iliyopata DAP ikawa mikubwa. DAP ina vitu viwili, naitrojeni asilimia 18 na fosforasi ile inayohesabiwa kama P2O5 asilimia 46. Siwezi kuapa nikiwa mbali kwamba tofauti yote ililetwa na fosforasi, maana pale mashimo mengine yasipoota mimea iliyobaki ilijinafasi pia, mwanga na maji inakula peke yake. Lakini kuna ushahidi mwingine: urea uliimwaga kote, na uliiweka ya kutosha, na maganda bado hayakuja. Kama shida ingekuwa naitrojeni peke yake basi ile sehemu iliyodumaa ingeamka ikabeba. Haikubeba. Kwa hiyo mimi ningeanza kushuku fosforasi, na nyuma yake uchachu wa udongo.

Sasa hayo mashimo ambayo hayakuota. Hapo wala usilaumu mbegu. Kizibo cha soda kikijaa DAP kinabeba kama gramu 5 mpaka 6. Nafasi yako ya 50 kwa 20 inakupa mashimo kama 40,000 kwenye ekari, kizibo kimoja kila shimo ni kilo 200 na zaidi, mifuko minne, wewe ulikuwa na mmoja, ndo maana ukaishia njiani. Yaani kama robo ya shamba imekula dozi ya mara nne na zaidi, na mbegu umeilaza juu yake. DAP ikikutana na unyevu inatoa amonia, na chumvi yake inanyonya maji ambayo mbegu ilikuwa iyanywe, kale kamzizi ka kwanza kanachomoka kanaungua. Maharage ni mepesi sana kuungua kuliko mahindi, watu wengi wanachukua mazoea ya mahindi wanayaleta kwenye maharage. Ukifukua siku ya saba unaikuta mbegu imevimba, ncha ya mzizi rangi ya kahawia, imeishia hapo.

Dawa yake ni rahisi na haiongezi hata shilingi. Achana na shimo, chora mfereji kwa ncha ya jembe kufuata kamba, kina cha sentimita 8 hadi 10 hivi. Kizibo hichohicho kimoja kinyunyize kwenye mfereji urefu wa mita moja, siyo shimo moja, mita moja nzima. Ekari yenye mistari ya sentimita 50 ina mfereji wa mita kama 8,000, ukizidisha na gramu 6 unapata kilo 48, mfuko wako mmoja umetosha shamba zima. Alafu rudishia udongo wa vidole vitatu juu ya mbolea, ndipo uweke mbegu, ufukie. Au ukipenda weka mbolea pembeni sentimita 5 kutoka kwenye mstari wa mbegu. Usiniamini kuhusu gramu hata hivyo, vizibo vinatofautiana na mkono wa mtu unatofautiana, jaza vizibo 20 vipime kwenye mzani mdogo ugawanye kwa 20, umalize ubishi.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiimwage tu shamba lote nikachanganye na jembe. Ni kwa sababu fosforasi haitembei. Naitrojeni inasafiri na maji, ukiiweka hapa mvua inaipeleka, fosforasi inajisogeza milimita chache tu toka ilipodondoka, mzizi ndo uifuate. Na kwenye udongo mchachu wenye chuma na aluminiamu nyingi, ule mwekundumwekundu hasa, sehemu kubwa inakamatwa na kufungwa kabla mzizi haujafika, kadiri ulivyoitawanya ndivyo udongo unavyoikamata kirahisi. Ukiirundika kwenye mstari karibu na mzizi, udongo unashiba pale kidogo alafu mmea unapata kinachobaki. Tani moja ya punje za maharage inaondoka na fosforasi kama kilo 4 hivi tu, potasiamu kilo 12 mpaka 15, naitrojeni kilo 35 mpaka 40, ukiangalia hivyo fosforasi inaonekana kitu kidogo, lakini udongo unajikatia fungu lake kwanza.

Tuje kwenye urea, maana najua ndiyo inayokuuma. Mmea wa mkunde ni mchumi sana. Kulisha bakteria ni gharama, sukari ambayo ingeenda kwenye maganda inaenda kwenye vinundu, kwa hiyo mzizi ukikuta naitrojeni tayari imeshaandaliwa udongoni unakata chakula cha bakteria, vinundu vipya havijengwi, vya zamani vinazeeka kabla ya muda. Ukiweka mfuko mzima wa urea ni kilo 23 za naitrojeni kwenye ekari, umeuambia mmea wako achana na hao, na wao wameachwa kweli. Na muda wenyewe! Maharage mafupi wiki ya tano yanaanza kufikiria maua. Naitrojeni nyingi ikija wakati huo inavuta mmea urudi kwenye majani, majani yanafunika, jua halifiki chini, hewa haipiti, unyevu unakaa, magonjwa ya ukungu yanapata nyumba, na mmea unachelewa kukomaa, ulichokiona wewe kabisa. Rangi nzuri ya majani siyo mavuno, majani hatuyapimi kwenye mzani.

Niwe mkweli lakini, urea haikuharibu peke yake. Joto kali au ukame wa siku chache wakati wa maua unadondosha maua hata kwenye shamba lililopewa kila kitu, na hukuniambia mvua ilikuwaje. Na tena nisikuache uondoke ukidhani naitrojeni ni sumu kwa maharage. Kati ya mikunde yote tunayolima maharage ni wavivu kwenye kazi ya kujitengenezea naitrojeni. Soya iliyopata bakteria wake inajitosheleza kwa kiasi kikubwa, kunde na karanga nazo si haba, maharage mara nyingi hayafikishi hata nusu ya mahitaji yake kwa njia hiyo. Isitoshe wiki mbili tatu za mwanzo vinundu havijaanza kazi, mche unaishi kwa akiba ya mbegu na kilichopo udongoni. Ndo maana kiasi kidogo cha kuanzia kinasaidia, kilo 20 hivi kwa hekta, na angalia, mfuko mmoja wa DAP kwa ekari unakupa naitrojeni kilo 9, ambayo ukiigeuza kwa hekta ni kama 22. Imetosha. Huhitaji kutafuta kingine cha kuanzia.

Kama utaongeza au hutaongeza, waulize vinundu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi hii. Siku ya 21 mpaka 28 baada ya kuota, nenda na jembe au koleo, usivute mmea kwa mkono maana vinundu vinabaki udongoni alafu unasema havipo. Chimbua na donge lake, litumbukize kwenye ndoo ya maji, tikisa polepole mpaka mizizi ibaki mitupu. Fanya mimea mitano sehemu tofauti za shamba. Utaona vijidonge kama punje za mtama vimekaa ubavuni mwa mzizi. Kata kimoja katikati kwa wembe au kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi kama nyama mbichi, kinafanya kazi, ile rangi ni ndugu kabisa wa ile inayofanya damu yako iwe nyekundu, kazi yake kusimamia oksijeni humo ndani isiwavurugie bakteria. Kikiwa cheupe, ama bado kichanga ama wamekaa bure. Kikiwa kijani au kahawia kimeshachoka. Ukikuta vingi vyekundu, urea iache huko iliko. Ukikuta vichache, vyeupe, na majani ya chini yanageuka njano yote kwa usawa, hapo weka urea nusu mfuko kwa ekari, mapema kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, ukaifukie wakati wa palizi. Huo ni uokoaji, usiufanye desturi.

Kuna kitu kinachowadanganya watu hapa. Minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, nayo inaleta uvimbe kwenye mizizi, mtu anafurahi anasema vinundu vimejaa kumbe ni wagonjwa. Kinundu halisi kimebandikwa pembeni, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umenenepa, huubandui bila kukata mzizi.

Vinundu visipokuwepo kabisa, fikiria vitu viwili. Kwanza bakteria wenyewe hawapo. Kuna unga wa bakteria wa kupakaza kwenye mbegu, inokulanti, ila kila zao lina wa kwake, wa soya hawafanyi kazi kwenye maharage. Kwa soya kwenye shamba ambalo halijawahi kulimwa soya nakwambia weka bila kufikiri mara mbili. Kwa maharage siwezi kukuahidi makubwa, udongo mwingi una wenyeji wanaoingia kwenye maharage tayari, wengine wazembe, na hao wenyeji ni wengi kiasi kwamba wageni wako hawapati nafasi, kwa hiyo jaribu sehemu ndogo. Hao ni viumbe hai, waweke kivulini, panda siku hiyohiyo, na mbegu iliyopakazwa isichanganywe na mbolea yoyote ya dukani, utawaua. Kitu cha pili ni uchachu. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu inayeyuka inachoma ncha za mizizi, fosforasi inafungwa zaidi, molibdenamu, ambayo bakteria hawawezi kazi bila hiyo, inakuwa haipatikani. Hapo unaweza kumwaga mbolea mpaka uchoke. Chokaa ya kilimo ndiyo dawa, wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo wa juu sentimita 15 hadi 20. Lakini usiweke kwa kukisia, ikizidi unafunga zinki na chuma unatengeneza shida mpya, na usiiweke siku moja na DAP au urea, naitrojeni itapaa hewani kama amonia.

Samadi iliyooza vizuri ukiwa nayo weka, hasa kama udongo wako ni mchanga au umelimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu, kuna mashamba yamechoka kiasi kwamba mbolea ya madini peke yake haionekani. Potasiamu, angalia kingo za majani ya zamani, zikigeuka njano alafu zinakauka kama zimeunguzwa ni dalili yake. Majani machanga ya juu kuwa njano katikati ya mishipa ambayo imebaki kijani, waza chuma au zinki. Na siku ukihamia karanga kumbuka zina tabia yao, ganda la karanga linanyonya kalsiamu lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, ikikosekana unavuna maganda matupu juu mmea umependeza.

Kwa hiyo msimu huu mimi ningekuwa wewe, pesa ya ule mfuko wa urea ningepeleka kwenye kupima udongo, pH na fosforasi kwanza. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, peleka kama nusu kilo. Majibu yakisema pH iko sawa, DAP mfuko mmoja kwa mfereji kama nilivyoeleza. Kama udongo wako una naitrojeni ya kutosha, mfano shamba lililopata samadi nyingi, unaweza kutumia mbolea ya TSP badala yake, ina fosforasi ileile bila naitrojeni na ni mpole zaidi kwa mbegu. Kama majibu yanaonyesha salfa ni ndogo, mbolea ya SSP inakuja nayo, ila fosforasi yake ni chini ya nusu ya TSP kwa uzito, kwa hiyo mifuko inaongezeka. Na acha tena mistari minne bila mbolea yoyote, safari hii kwa makusudi, katikati ya shamba siyo pembeni, weka vijiti, vuna mbali, pima mbali. Kilo utakazopata pale ukilinganisha na mistari minne ya jirani yake ndiyo faida ya mbolea yako wewe, kwenye udongo wako, hakuna mtaalamu anayeweza kukupa namba hiyo kwa maandishi.

Mwite bwana shamba au bibi shamba aje akanyage shamba mwenyewe kama utakuta ule uvimbe wa minyoo, kama shina chini linageuka kahawia na mimea inanyauka mchana udongo ukiwa na maji, kama majani machanga yanajikunja na kuwa na mabaka, hayo yanaweza kuwa magonjwa na mbolea haitayagusa. Pia kama pH imetoka chini ya 5, kiasi cha chokaa kinategemea aina ya udongo, mtu aupime na akupigie hesabu. Mpe aione mimea iliyochimbuliwa na mizizi yake, imefungwa kwenye karatasi yenye unyevu, asubuhi hiyohiyo, maana ikinyauka hata yeye ataishia kukisia.